Njia panda ya Nekesa: namna ya kutengeneza filamu ya kuchagua kwa wachuuzi wa Busia na Malaba

"Mama, foleni ya nini? Nipe mia mbili nikuzungushe, dakika kumi uko ng'ambo."

Mwanamke mwenye magunia mawili ya maharagwe hana muda mrefu wa kujibu. Bodaboda imeshawashwa. Mbele yake kuna lango, watu wenye sare na foleni isiyosogea. Pesa alizonunulia mzigo, nusu yake ni za chama, na Jumamosi zinatakiwa. Ataamua kabla hajamaliza kujifuta jasho, na uamuzi huo ndio utakaomwambia kama wiki hii ni ya faida au ya hasara.

Mpaka huu wa Kenya na Uganda umezoea maamuzi ya haraka. Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa hapa, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakiwabeba watu kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nyingine. Elimu tunayowapa wachuuzi, hata hivyo, haiwapi nafasi ya kuamua lolote. Tunawakalisha ukumbini, tunawasomea kanuni, tunawagawia karatasi yenye nembo, kisha tunaenda zetu. Mwenye mzigo anaitikia kwa kichwa. Kesho yake kijana yule yule anamwambia maneno yale yale, na hakuna aliyewahi kumpa mazoezi ya kumjibu.

Makala hii inaeleza namna ya kutengeneza filamu inayompa mazoezi hayo: filamu ya DVD inayosimama kwenye njia panda, ikamuuliza mtazamaji afanye nini, kisha ikampeleka alikochagua. Acha akosee kwenye diski. Huko hakuna atakayemchukulia gunia.

Kwa nini diski, wakati huu wa simu na flashi?

Nalijua swali hilo, na nalichukua kwa uzito. Maduka ya kukodisha filamu yamepungua na vijana wanaangalia kila kitu kwenye simu. Lakini deki bado iko kwenye saluni, kwenye ofisi ya chama, kwenye kibanda cha video na sebuleni kwa watu wengi, na haili bando. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukiweka filamu kwenye flashi na kuichomeka kwenye televisheni au deki, unapata video inayokwenda mbele tu, kama maji ya mtaro. Vitufe vya kuchagua havipo. Diski ya DVD iliyoandaliwa ipasavyo ina akili kidogo ndani yake: ina menyu, ina amri, inakumbuka namba chache, na kila deki imetengenezwa iweze kuzisoma. Uwezo huo umekuwamo tangu DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996. Sisi tuliutumia kuchagua sehemu ya filamu na lugha, tukaishia hapo.

Wazo la watazamaji kuchagua ni la zamani kuliko diski. Mwaka 1967, kwenye maonyesho ya dunia ya Montreal, Kanada, mtengenezaji filamu wa Chekoslovakia Radúz Činčera alionyesha filamu iliyoitwa Kinoautomat. Kila kiti kilikuwa na kitufe cha kijani na chekundu. Filamu ilisimama, ukumbi ukapiga kura, na upande wenye kura nyingi ndio ulioendelea. Siri yake inatufaa sana hapa: kila baada ya uchaguzi, njia mbili zilikutana tena mbele, kwa hiyo mashine mbili tu za kuonyeshea zilitosha usiku mzima. Asiyejua siri hiyo huanza kuandika hadithi yake kwa furaha na kuiacha katikati kwa uchovu.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukiweka njia panda tano zenye njia mbili mbili, na njia hizo zisikutane popote, utahitaji vipande 63 vya filamu na miisho 32. Vya dakika mbili mbili, ni zaidi ya saa mbili za filamu ambayo mtazamaji mmoja ataona dakika kumi na mbili tu. Hakuna kikundi cha Busia chenye pesa za kuchezea namna hiyo. Njia panda tatu zinatosha, mradi ziwe zile ambazo wachuuzi hukutana nazo kweli.

Chora kabla ya kupiga picha

Chukua karatasi kubwa ya manila na kalamu za rangi. Usifungue kompyuta kwanza. Keti na wachuuzi wenyewe, watano au sita, wa pande zote mbili ikiwezekana, na uwaulize swali moja: ni wapi uliwahi kusimama hujui ushike lipi? Waache wasimulie. Njia panda za filamu yako zitatoka vinywani mwao, na bila wao utaandika filamu ya ofisini.

Tuseme hadithi yetu ni ya Nekesa. Amenunua magunia mawili ya maharagwe upande wa Uganda na anarudi nayo Busia ya Kenya. Kipande cha kwanza kinamleta karibu na lango, kijana anamwita, na picha inasimama. Njia panda ya kwanza: langoni, au njia ya panya?

Akienda langoni, anafika ukumbini na anakutana na njia panda ya pili. Mtu asiye na kitambulisho cha kazi anajitolea kumjazia karatasi kwa ada. Ampe, au aende dirishani mwenyewe? Njia zote mbili zinakutana sokoni. Huko wapo wanunuzi wawili: anayenunua kwa gorogoro, pesa mkononi, na mwenye zabuni ya kulisha shule, ambaye bei yake ni nzuri lakini anataka karatasi za mzigo. Hiyo ni njia panda ya tatu. Aliyepita langoni ana karatasi. Aliyezunguka nyuma anafika kwa huyo mwenye zabuni mikono mitupu, na anaonyeshwa kipande kingine kabisa, cha kukataliwa kwa upole. Miisho ni mitatu, kulingana na pesa zilizobaki. Ukihesabu, ni vipande 13. Hiyo ni filamu ambayo kamera moja inaweza kuimaliza kwa siku chache.

Sasa niseme jambo linalonigusa kuliko yote katika kazi hii. Msidanganye kwenye tawi baya.

Filamu nyingi za mafunzo zina mtindo mmoja: mhusika akikosea tu, anakamatwa papo hapo, analia, anajuta. Mchuuzi wa Sofia, Busia, anayetazama amewahi kupita njia ya panya mara nyingi bila kukamatwa. Akiona Nekesa anashikwa kila mara, atajua kwamba filamu haimjui, na hata yale ya kweli mliyosema hatayaamini. Njia ya panya mara nyingine hufika. Onyesheni ikifika. Kisha onyesheni bei yake yote: mia mbili za kijana, za bodaboda ambazo zimeongezeka kwa sababu ya usiku, gunia lililochanika kwenye seng'enge, mnunuzi mzuri aliyemkosa kwa kukosa karatasi. Hapo mama atapiga hesabu yake mwenyewe, na hesabu hiyo hatakuwa amelazimishwa na mtu.

Diski inaweza kusaidia kwa namna ambayo watu wachache huitumia. Miongoni mwa amri za DVD ipo ya kubahatisha: unaiambia deki ichague namba kati ya moja na tatu, na kulingana na namba hiyo inaelekea kipande kimoja au kingine. Ikitoka moja, Nekesa anakutana na askari, magunia yanazuiliwa, na anaenda moja kwa moja kwenye mwisho wa hasara. Ikitoka mbili au tatu, anafika. Mtazamaji akirudia uchaguzi ule ule leo jioni, huenda matokeo yakawa tofauti na ya asubuhi. Ndivyo mpaka ulivyo. Kama uwiano huo wa moja kwa tatu ni wa haki au la, waulizeni wale wachuuzi mliokaa nao kwenye manila.

Kwenye tawi hilo kuna hatari nyingine ambayo wanawake huizungumza wakiwa peke yao: kusumbuliwa na kudhalilishwa kwenye vichochoro. Isitajwe kwa mzaha wala isiigizwe mbele ya kamera. Sentensi moja ya Nekesa akimweleza mwenzake sokoni, macho yakiwa chini, inabeba uzito wote unaohitajika.

Kanuni ziwe kwenye kipande chake

Filamu lazima iwe na mambo ya kweli ambayo mama ataondoka nayo. Machache haya yanamhusu moja kwa moja.

Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni. Utaratibu wake ni kwamba unahudumiwa mara moja tu, katika nchi unayoingia, ambako maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja. Nekesa anayerudi Kenya anamalizana na wote upande wa Kenya. Anayekwenda Uganda anamalizana nao upande wa Uganda. Malaba, lango kuu la malori ya Ukanda wa Kaskazini, inafuata utaratibu huo huo. Bado wapo watu wanaopoteza asubuhi nzima kupanga foleni upande usio wao, na kijana wa mia mbili anawategemea hao.

La pili ni mpango rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kama bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya, iko kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani, mchuuzi anaweza kupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, na haitozwi ushuru wa forodha. Cheti hicho hakiuzwi. Anayekudai pesa za fomu anakuibia, na ndiyo maana njia panda ya pili ya Nekesa iko pale ilipo. Cheti hakiondoi masharti ya afya: mazao ya shambani na mazao ya mifugo yana ukaguzi wake, na kwa mimea upande wa Kenya wanaohusika ni KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea.

La tatu ni kitambulisho. Tangu 2014 Wakenya na Waganda wanaweza kuvuka kati ya nchi hizi kwa kitambulisho cha taifa.

Lakini kanuni hubadilika, na diski ikishachomwa haibadiliki. Mnakumbuka Machi 2021. Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakalala mpakani, kisha siku chache baadaye yakaruhusiwa kwa masharti mapya, yakiwemo ya kuwa na cheti cha kuonyesha kiwango cha sumu. Diski iliyochomwa Februari ya mwaka huo ikimwambia mama kwamba mahindi yanapita hivi hivi ingemtia hasara. Mwaka mmoja kabla yake, wakati wa korona, watu wa miguu walizuiliwa kabisa huku malori yakiendelea kupita polepole baada ya madereva kupimwa.

Kwa hiyo usiwape waigizaji kanuni wazitamke katikati ya hadithi. Nekesa aseme, "Ngoja niulize dirishani kwanza," na kanuni zenyewe ziwe kwenye kipande kimoja cha dakika mbili, mtu mmoja akizungumza mbele ya ukuta, kinachofunguliwa kwa kitufe chake. Kanuni zikibadilika, utarekodi upya dakika hizo mbili na kuchoma diski mpya, na hadithi itabaki ilivyo. Kabla ya kurekodi, nenda ofisi ya forodha uwaombe wakusomee maandishi yako neno kwa neno. Bei za maharagwe na kiwango cha kubadilisha shilingi usiviweke kabisa; vinabadilika kabla diski haijapoa.

Vibali

Hapa nitapita haraka, ila usiparuke. Kutengeneza filamu ya kuonyeshwa hadharani au kuuzwa nchini Kenya kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na filamu hupangiwa daraja na Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla ya kusambazwa. Ukiwapelekea diski, wapelekee na ile ramani ya manila iliyochorwa vizuri, ili wakaguzi waone kila tawi na wasije wakaishia kwenye njia moja. Kituo cha mpakani ni eneo la usalama: usielekeze kamera huko bila ruhusa ya maandishi. Mimi ningepiga picha za lango na dirisha mahali pengine kabisa, kwenye ukumbi wa kanisa au wa shule, kwa meza moja na bango. Mtazamaji anayelijua lango halisi ataelewa.

Muziki usichukue wa redioni. Zungumza na mpiga ala wa hapa kwenu, andikianeni mkataba, na ipigie simu Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ikueleze kuhusu stika zinazotakiwa kwenye diski za kuuzwa. Kila anayeonekana uso sokoni aombwe idhini. Mchuuzi aliyeonekana kwenye tawi la magendo, hata kama alikuwa akipita tu nyuma ya mwigizaji, anaweza kutajwa vibaya kijijini kwa miaka.

Kupiga picha na sauti

Kamera ya simu nzuri inatosha ikiwa umeifunga kwenye kijiti na kipaza sauti kiko karibu na mdomo. Kinachoharibu filamu nyingi za vikundi ni sauti, na Busia ina malori.

Vipande vya filamu ya kuchagua vina mahitaji yake. Kila kipande kinachoishia kwenye njia panda kimalizike kwa picha tulivu ya sekunde kumi, Nekesa akiwa amesimama anafikiri, hajageukia upande wowote. Picha hiyo ndiyo itakayokuwa mandhari ya menyu. Akiwa ameshaanza kugeukia langoni, umeshamchagulia mtazamaji. Mwanzo wa vipande viwili vinavyofuata lazima ulingane na mwisho huo: leso ile ile, magunia yale yale, jua upande ule ule. Kwa hiyo piga mianzo ya matawi yote mawili siku moja, moja baada ya nyingine, hata kama hadithi inaendelea kwingine kesho.

Na pale njia zinapokutana sokoni, kumbuka kwamba Nekesa anafika akitokea sehemu tofauti. Asiseme neno linalotaja alikopitia. "Nimefika, ila nimechoka" inafaa njia zote.

Lugha ni utajiri wa mpaka huu na DVD inauweza. Diski moja inaweza kubeba hadi sauti nane tofauti za filamu ile ile. Kiswahili kiwe cha kwanza, kisha Kiteso kwa watu wa Malaba, Kisamia, Dholuo na Luganda. Usitafute sauti ya mtangazaji wa habari. Watazamaji wa huku wamelelewa na wasimulizi wa filamu, DJ Afro kwa Kiswahili na ma-VJ wa Uganda kwa Luganda, watu wanaoweza kuifanya filamu ya kigeni ionekane imetokea mtaani. Tafuta kijana au mama mwenye kipaji hicho, mpe nakala ya maneno, na mwache aseme kwa mdomo wake.

Kazi ya kompyuta

Hariri vipande kwa programu yoyote unayoijua. Kdenlive na OpenShot hazilipiwi. Toa kila kipande kama faili yake, kisha ukigeuze kuwa MPEG-2 ya mfumo wa PAL: ukubwa wa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Programu ya bure ya FFmpeg inafanya hivyo kwa agizo moja, kwa kuandika -target pal-dvd. Diski ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7, inayotosha takriban saa mbili kwa megabiti tano kwa sekunde. Nusu saa yetu ya vipande vyote inaingia kwa ubora wa juu na nafasi ya sauti tano inabaki. Usizidishe zaidi ya megabiti saba, kwa sababu deki za bei nafuu hukwama zikisoma diski iliyochomwa nyumbani kwa kasi kubwa.

Kuunganisha vipande, tumia DVDStyler. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na ndani yake inaendeshwa na programu nyingine iitwayo dvdauthor. Kila kipande kiweke kama "title" yake yenye namba, na namba hizo ziandike kwenye ramani ya manila kwa kalamu nyekundu. Kila njia panda ni menyu yenye vitufe viwili. Kwenye kila kitufe unaandika kinakoelekea: jump title 2, au jump title 3. Mwisho wa kila kipande unaandika kiende menyu gani, na hapo wengi hukwama siku nzima: kutoka kwenye menyu kwenda kwenye kipande amri ni jump, lakini kutoka kwenye kipande kwenda kwenye menyu amri ni call. Ukiandika jump, programu itakukatalia.

Kisha kuna kumbukumbu. DVD ina visanduku 16 vya kuwekea namba, na kila kimoja kinashika kuanzia 0 hadi 65,535. Tumia g0 hadi g12, maana dvdauthor inajiwekea vile vitatu vya mwisho. Mwanzoni mwa filamu andika g0 = 5000; hizo ni pesa za Nekesa. Kitufe cha njia ya panya kinapunguza 700 kabla ya kuruka. Kitufe cha yule mjaza karatasi kinapunguza 300. Kwenye g1 weka alama 1 kama amepata cheti na 0 kama hana. Mwenye zabuni ya shule ataangalia hapo kabla ya kumpokea. Ile bahati ya njia ya panya ni g2 = random(3). Mwishoni unailinganisha g0 na kiwango ulichochagua ili ijulikane ni mwisho upi unaonyeshwa. Visanduku havishiki namba iliyo chini ya sifuri, kwa hiyo panga pesa zake zisiishe zote njiani. Deki haiwezi kuandika kiasi kilichobaki kwenye kioo. Ukitaka mtazamaji akione, mwigizaji ahesabu noti mezani kwenye kila mwisho.

Menyu zenyewe zifanye nyepesi. Picha mbili kubwa, lango upande mmoja na kichochoro upande mwingine, na sauti ya Nekesa ikizisoma kwa zamu. Si kila anayetazama anasoma, na anayesoma huenda amekaa nyuma. Alama ya kuonyesha kitufe kilichochaguliwa haina rangi nyingi, kwa hiyo mpaka mnene wa njano unatosha. Iweke mbali na kingo za picha, maana televisheni za zamani hukata pembeni. Muda wa kuhesabu usiweke: menyu isubiri mpaka mtu abonyeze, kwa sababu mabishano ya wakati huo ndiyo somo. Kila menyu iwe na kitufe kidogo cha kurudi mwanzo. Na mwisho wa kila kipande weka sekunde moja ya giza na kimya, kwa kuwa deki hutulia kidogo inaporuka kutoka kipande kimoja hadi kingine, na bila giza hilo utulivu huo unaonekana kama kukwama.

Kuchoma na kujaribu

Tengeneza kwanza faili la diski nzima, yaani ISO, na ulifungue kwa VLC kwenye kompyuta. Pita kila tawi ukiwa na manila mkononi, ukitia alama ya vema. Vipande 13 vina njia nyingi kuliko unavyodhani, na kosa la namba moja linaweza kumzungusha mtazamaji kwenye menyu ile ile asiweze kutoka.

VLC ikikubali, usishangilie bado. Choma diski moja ya DVD-R kwa kasi ndogo, 4x, kisha ipeleke kwenye deki mbovu kuliko zote unazozijua. Ipeleke kwenye nyingine mbili za aina tofauti. Deki nyingine husahau namba za visanduku zikibonyezwa "stop", nyingine huonyesha alama ya kitufe ikiwa imesogea. Rekebisha, choma upya, jaribu tena. Nakala za kusambaza zifuate baada ya hapo.

Kisha fikiria rimoti. Filamu ya kuchagua haichezeki bila mishale na kitufe cha OK, na kwa wengi rimoti ya deki ilipotea zamani. Kiongozi wa kikundi abebe rimoti ya aina zote, iliyojaribiwa, na betri za akiba.

Siku ya kuonyesha

Watu ishirini hadi thelathini wanatosha. Mwenye rimoti asiwe ofisa wala mwenye mradi. Apewe mchuuzi ambaye wenzake wanamwamini. Picha ikisimama, anauliza, "Haya, tumpeleke wapi?" Watu wanainua mikono, wanabishana, mmoja anaeleza yaliyompata Malaba mwaka juzi. Wakishakubaliana ndipo kitufe kinabonyezwa. Filamu ya dakika kumi na mbili itachukua saa nzima, na wataomba irudiwe ili waone upande mwingine. Irudieni.

Diski haitakumbuka walichochagua. Ikitolewa kwenye deki, namba zote zinafutika. Kwa hiyo awepo mtu na daftari, anaandika kwenye kila njia panda mikono mingapi ilienda wapi mara ya kwanza, na mingapi mara ya pili, na sababu waliyoitoa kwa maneno yao wenyewe. Wakisema wanazunguka nyuma kwa sababu dirisha linafungwa wakati wa mzigo wa alfajiri, au kwa sababu hawakutendewa kwa heshima siku ya kwanza, andika hivyo hivyo bila kupamba. Tengeneza nakala mbili za ukurasa huo: moja ibaki kwenye chama, nyingine ipelekwe kwenye ofisi inayosimamia hilo dirisha, pamoja na diski.

Kwenye jalada la diski andika, kwa wino usiofutika, mwezi na mwaka ambao kanuni zake zilihakikiwa.